Akiba ya Baba Ilipolala Lamadi

Mama Sayi wa Lamadi alifariki mwezi uliopita. Nilipompa mama yangu habari hiyo, yeye ambaye siku hizi magoti yanamsumbua kiasi kwamba hata chumvi ya dukani anaagiza, alikwenda chumbani, akatoka amejifunga kanga na kuketi kibarazani na mkoba mapajani, akiniuliza gari litakuja saa ngapi. Nilijaribu kumwambia kwamba rambirambi tunaweza kutuma kwa simu na watu wa Lamadi wangeelewa. Alinijibu kwamba kuna watu wa kutumiwa rambirambi na kuna watu wa kwenda kuwazika, na kwa umri niliofika ningekuwa nimeshajua tofauti. Basi tukaenda. Msibani alilia mpaka wenyeji wakawa wanaulizana ni ndugu wa upande gani. Tangu turudi nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja tu wa ujana wangu, ule ambao Bariadi ilikuwa ndiyo kwanza imepewa mkoa, kila ukipita mjini unakuta kibao cha ofisi mpya, mimi nimemaliza kidato cha nne na sina kazi ila kusonga ugali kwenye mgahawa wa mama, na baba akaanguka kwa presha asubuhi moja akiwa amebakiza muda mfupi kustaafu.

Nyumba yetu ya Somanda, hapo hapo Bariadi, wakati huo ilikuwa nusu nyumba. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa vimeezekwa, na ndimo tulimolala sote. Vyumba vya mbele vilikuwa na kuta zilizofika kwenye lenta na juu mawingu. Baba alikuwa akisema, kila mvua ikinyesha na maji kujaa sebuleni, kwamba hilo ni bwawa lake la kunyweshea mifugo, na kwamba akistaafu tu anaezeka. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, na kwa miaka yote aliyofanya kazi pale walikuwa wakimkata akiba ya uzeeni kwenye mshahara. Sikuwahi kumsikia akiilalamikia. Ile akiba ndiyo iliyokuwa paa letu, tulikuwa tunaisubiri kama watu wengine wanavyosubiri mavuno. Kwa hiyo msiba ulipotokea na sebule ile isiyo na paa ikajaa akina mama waliolala kwenye mikeka, huku wanaume wakiota moto uani, mimi niliyekuwa na uchungu wote ule nilijikuta namwonea baba huruma kwa jambo dogo kabisa, kwamba wageni wake wamemkuta hajamaliza nyumba. Nyumba isiyo na paa haina siri pia. Maneno yaliyosemwa chumba kimoja yalipanda ukutani na kushuka chumba cha pili, na mengi ninayoyajua kuhusu mwaka ule niliyasikia hivyo, nikiwa nachambua mchele upande wa pili wa ukuta.

Hivyo ndivyo nilivyomsikia baba mkubwa, kaka yake baba, akipanga maisha yetu na wazee wenzake waliotoka naye Lagangabilili. Ningependa kumwandika baba mkubwa kama mtu mbaya, ingerahisisha mambo, lakini hakuwa mbaya. Alikuja msibani na magunia mawili ya mahindi na ng'ombe wa kuchinja, na alilala chini wiki nzima na mgongo wake ule mbovu. Ng'ombe waliomtoa mama kwao walitoka kwenye zizi lake. Kwa hesabu zake yeye, mdogo wake alikuwa amekwenda mjini kuchunga mshahara badala ya ng'ombe, na sasa amekufa, mshahara ule urudi zizini. Sisi na mama tungehamia kwake Lagangabilili, huko Itilima, mama angerithiwa na mmoja wa wanaume wa ukoo, akiba ingenunua ng'ombe, na hakuna mtoto wa mdogo wake ambaye angelala njaa. Alisema haya kwa sauti ya upole, na nakumbuka alilia alipofika kwenye neno watoto. Kiwanja chetu peke yake ndicho hakukigusa, kwa kuwa kilikuwa kwa jina la mama, na kiwanja huwezi kukiswaga mpaka Lagangabilili. Mama hakutaka kurithiwa. Alitaka mgahawa wake, watoto wake shuleni mjini, na bati juu ya sebule. Bila ile fedha asingekuwa na nguvu ya kusema hapana kwa mtu yeyote, na alilijua hilo vizuri kuliko wote.

Tulikwenda watatu ofisi ya mfuko uliotunza akiba hiyo, baba mkubwa mbele na mwamvuli wake, mama na mimi nyuma. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu, alitupa viti na kumpa mama pole kwa muda mrefu kuliko tulivyotegemea, na nadhani alikuwa anatafuta namna ya kuanza. Kisha akasema kwamba marehemu alikuwa amemwandika mtu mmoja tu wa kupokea akiba yake, na mtu huyo si mama. Ni mwanamke wa Lamadi, kule kando ya ziwa. Kwa taratibu zao fedha ya namna ile haiingii kwenye mirathi, inakwenda moja kwa moja kwa aliyeandikwa, isipokuwa kama familia italeta pingamizi. Baba mkubwa aliuliza huyo mwanamke ni nani wa marehemu. Kijana akasema ameandikwa rafiki. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake na anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Kisha akamshukuru kijana, akasimama, na tulipofika nje akaniambia tupitie sokoni kununua nyanya kabla hazijaisha.

Mwaka huo nilijifunza kwamba kuna msiba ndani ya msiba. Mama alikuwa amemlilia mume wake kwa sauti, mbele za watu, na wote walimsaidia. Huu wa pili aliubeba kimya kimya. Aliwahudumia wateja, alicheka na waliotaniana, akaja nyumbani na kukaa kwenye sebule ile isiyo na paa akishika tama. Siku moja nikiwa nabandua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, jikoni nilimsikia akiongea peke yake, anampangia baba safari zake: mwaka ule alisema amekwenda ziwani kutafuta vipuri, mwaka ule alirudi na samaki wakavu, mwaka ule alisema gari liliharibika njiani. Alikuwa anapitia ndoa yake yote upya, akiikagua kila pembe. Sijawahi kumwona mtu akiibiwa kitu ambacho alishakila zamani, lakini ndicho nilichokiona.

Baba mkubwa kwa upande wake alipata nguvu mpya. Kikao cha ukoo kilishamteua kuwa msimamizi wa mirathi, na siku ya kuthibitishwa mahakamani alitaka fedha ya mfuko nayo ihesabiwe kuwa mali ya marehemu. Alikuwa ameelezwa na mtu anayejua mambo hayo kwamba neno la mjane lingekuwa na uzito kuliko la mwingine yeyote. Mama alitakiwa kusimama tu na kusema kwamba yule mwanamke hamjui, hana uhusiano na familia, ni mtu aliyemlaghai mume wake. Hakimu angesikia, mfuko ungesimamisha malipo, na mambo mengine yangefuata. Baba mkubwa alilieleza hili kama zawadi. "Shemeji, amekudhalilisha. Mimi nakupa nafasi ya kumjibu," alimwambia. Na mama, ambaye alikuwa na hasira ya kutosha mahakama tatu, alimjibu kwamba atafikiria.

Kufikiria kwake kulikuwa kunipeleka mimi Lamadi. Hakumuaga mtu, aliufunga mgahawa akasingizia meno. Tulimpata Mama Sayi kwa kuuliza, kwa sababu pale barabara kuu kila mtu anayenunua dagaa anamjua. Alikuwa mwanamke mkubwa kuliko mama, mrefu, mweusi wa kung'aa, mikono yake imekauka kwa chumvi, na hakushangaa kutuona. Alisema alikuwa anatusubiri tangu wiki ya msiba, ambao hakuja kwa kuwa hakutaka kuja kuangaliwa. Alituingiza chumbani kwake. Kulikuwa na magunia ya dagaa mpaka karibu na dari, kitanda kirefu, redio, na harufu ambayo ilinikaa kwenye nywele siku nzima. Akatandika mkeka, akaleta ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, na akanawa pamoja nasi. Kwetu huwezi kukataa chakula cha mtu uliyemfuata nyumbani kwake, hata ukiwa umemfuata kwa ubaya. Mama alikula.

Ndipo Mama Sayi akaeleza, huku akitoa miiba kwenye samaki na kunisogezea mimi minofu. Mume wake na baba walikuwa marafiki tangu ujana, na kama wanaume wengi wa huku walikuwa wanawekeshana ng'ombe. Msomaji ambaye si wa kwetu aelewe kidogo hapa. Mfugaji mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa mbali, ili ukame, ugonjwa au ndugu wenye tamaa vikimkuta nyumbani, visiwakute wote. Yule anayetunza anakunywa maziwa, anatumia samadi, na siku mwenyewe akiwataka anawarudisha na ndama wao, akapewa mtamba mmoja wa shukrani. Hakuna karatasi. Mtu akikana ng'ombe aliowekeshwa, amejizika akiwa hai, hakuna atakayemsalimia tena. Mume wa Mama Sayi alipokufa, shemeji zake walichukua kila kitu mpaka sufuria. Kitu pekee walichokikosa ni ng'ombe wenye madoa waliokuwa Itilima, kwenye zizi la nyumbani kwa akina baba. Baba aliwarudisha kwake, mkononi mwake, yeye mjane, si kwa shemeji, na wengine walikuwa wamezaa. Dagaa zote zile tulizoziona zilianzia hapo.

"Alipoandikwa mfuko, alikuja akaniambia ameniwekesha," alisema. "Nilimwambia amwandike mke wake. Akasema, nikimwandika mke wangu nimemwandika kaka yangu." Mama aliuliza mbona hakumwambia yeye. Mama Sayi akasema kwamba swali hilo alimuuliza baba pia, na baba akajibu kwamba atamwambia akistaafu, maana angemwambia mapema mama angegomba. Hilo lilikuwa kweli, nilimwona mama akikaribia kutabasamu. Halafu Mama Sayi, kwa upole tu, akauliza kama kile kikohozi cha baba cha asubuhi kilikuwa kimepona kabla hajafa. Tonge la mama liliishia njiani. Akalirudisha kwenye sahani, akasema hapana, hakikupona, na hapo sote tukawa tumeshiba.

Kabla ya kuondoka mama alimuuliza jambo moja, amesimama mlangoni. Kama yeye atakaa kimya mahakamani na fedha ikaingia mikononi mwa Mama Sayi, atajuaje kwamba Mama Sayi ataitoa. "Hutajua," Mama Sayi alisema, kisha akamwita mama kwa jina langu. "Na sitakupa mara moja, Mama Limi. Nikikupa wakiwa bado wamekaa uani kwako nimewapa wao. Wakishaondoka, niite." Hakuapa, hakumtaja Mungu, hakushika mkono wa mama. Nikiwa binti mdogo niliona huo ni ujeuri. Leo nikikutana na mtu anayeapa sana kwenye mambo ya fedha namkumbuka yeye.

Siku ya mahakama chumba kilijaa. Baba mkubwa alikuja na wazee wa ukoo, wamevaa makoti mazito ingawa kulikuwa na jua, na Mama Sayi alikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Sikujua mama atasema nini. Nadhani naye hakujua, kwa sababu asubuhi alikuwa amejaribu kuniuliza kisha akaacha, akanituma maji. Hakimu, mama mmoja mnene mwenye miwani, alimuuliza kama anamfahamu mwanamke aliyeandikwa na marehemu. Kulikuwa na watu nje waliosimama madirishani. Mama aligeuka, akamtazama yule mwanamke ambaye alijua kikohozi cha mume wake. Niliomba moyoni aseme hamjui. Nilitaka aibike, yule mwanamke, nilitaka mtu mmoja tu aibike kwa ajili ya mama.

"Namfahamu," mama alisema. "Mume wangu alimwekesha. Ni mke wa yule mwenye ng'ombe wa madoa, shemeji anawajua, amewachunga yeye mwenyewe."

Kulikuwa na minong'ono. Hakimu akamgeukia baba mkubwa na kumuuliza kama hayo ni kweli. Alikuwa hajui. Namaanisha, hakuwa ameunganisha jina lile la kwenye mfuko na mjane wa rafiki wa mdogo wake, na tuliyaona mambo hayo yakikutana usoni mwake pale pale tulipokuwa. Angeweza kusema hakumbuki. Ng'ombe wamepita wengi zizini, nani angembishia? Lakini nyuma yake walikaa wafugaji watupu, na yeye mwenyewe alikuwa mfugaji kabla hajawa msimamizi wa mirathi ya mtu. Alivua kofia. "Walikuwepo," alisema. "Walirudi wote. Na ndama." Akakaa chini taratibu kwa sababu ya mgongo. Hakimu akaandika, akasema fedha ile haihusiani na mirathi inayozungumzwa mbele yake. Mpaka leo nikisikia watu wakiwasema vibaya akina baba wakubwa wote kwa jumla, nakumbuka ile kofia mkononi, na nanyamaza.

Baada ya hapo ilikuja miezi mibaya kuliko yote. Mfuko ulimlipa Mama Sayi, habari zilifika Bariadi kwa njia zake, na yeye kimya. Wateja wa mgahawa walianza kunong'ona, na baadaye waliacha hata kunong'ona. Kwamba kuna mwanamke mjini hapa kampelekea hawara wa mumewe urithi wa wanawe, kamsindikiza na mahakamani. Jirani yetu mmoja alimwambia mama usoni kwamba amelishwa kitu Lamadi. Mama aliwacheka, lakini usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Mimi nilikuwa na hasira naye sana, naona nilimwonea. Nilidhani ameshindwa kupigana. Kumbe alikuwa amefanya jambo la kutisha kuliko kupigana, amemwachia mtu asiyempenda kila kitu alichokuwa nacho, akarudi kuuza chai. Siku ya kumaliza matanga baba mkubwa alimuuliza, mbele ya ukoo, kama atakubali kurithiwa. Alisema atabaki na watoto wake Somanda. Wazee walimtazama kwa huruma, mwanamke asiye na mume, asiye na fedha, asiye na paa. Kwa kuwa hakuwa na chochote cha kuchukua, hawakumsukuma. Walikula, wakaaga, wakaondoka. Baba mkubwa alirudi kutoka njiani kumwachia mama debe la karanga, akasema ni za watoto. Mama alingoja mpaka vumbi la baiskeli zao likatua, kisha akanitaka simu yangu.

Mama Sayi alikuja wiki hiyo hiyo. Walikwenda benki wawili, wakakaa kwenye foleni wakizungumzia bei ya dagaa, na fedha yote ikahamia kwenye akaunti ya mama. Nyumbani nilikuwa nimechinja kuku. Tulikula sebuleni, chini ya anga, mchana kweupe. Tulipomaliza, mama alinawa, akaingia chumbani, akarudi na sinia lililofunikwa kitambaa. Juu yake alikuwa ameweka fedha inayoweza kununua mtamba mzuri sokoni, kama inavyopaswa kwa mtu aliyetunza. Mimi nilishajua kitakachofuata, nimeona watu wazima wakipeana vitu maisha yangu yote. Angekataa, mama angesisitiza, angekataa tena, mama angeapa, mwisho angechukua nusu.

Mama Sayi hakukataa hata mara moja. Aliitazama fedha, akamtazama mama usoni kwa muda mrefu kiasi kwamba mimi nilianza kukusanya vyombo kwa aibu. Kisha akaichukua yote, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema wabeja, yaani asante, akauliza gari la Lamadi linapatikana wapi saa hizo. Mama alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikuwa anacheka, kicheko ambacho hakijasikika nyumbani kwetu tangu baba afe. "Umeona?" aliniambia. "Kachukua. Mwanamke aliyempenda mume wangu asingeichukua fedha ile." Usiku huo alilala mpaka kukakucha, na mwezi uliofuata mafundi walipandisha bati.

Nimeolewa sasa, nimeona mambo ya watu, na nimefikia mahali siamini tena kwamba Mama Sayi alikuwa na shida na ile fedha. Naamini alimtazama mama, akaona kitu pekee ambacho mama alikuwa bado anakihitaji kutoka kwake, akampa, na gharama yake akailipa yeye. Kama alimpenda baba sijui. Kama alimpenda, basi mchana ule alikana mbele ya mjane wake bila kufungua mdomo. Sijawahi kumwambia mama mawazo haya. Tukirudi kutoka mazikoni, gari limeshaiacha Lamadi mbali, alikuwa ameegemea bega langu nikadhani amelala, mara akasema, "Yule mama alichukua mtamba wake. Unakumbuka?"

Nikamwambia nakumbuka.

"Aliichukua fedha yote," akasema.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Nilikuwepo. Aliichukua yote."